Afya ya Mwanamume Kazini ni Mali ya Chama

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wajumbe wa bodi, mameneja na makatibu wa vyama vya msingi)



Kila msimu wa ununuzi unapokaribia, chama cha msingi hukagua vifaa vyake. Mizani hupimwa na kupigwa muhuri. Paa la ghala huangaliwa lisije likavuja. Magunia huhesabiwa, vitabu vya stakabadhi huhesabiwa, turubai zilizochanika hushonwa. Mambo hayo ni ya lazima, maana chama kisichotunza mali yake hakidumu. Lakini iko mali moja ambayo haimo katika daftari la mali, wala mkaguzi wa hesabu hajapata kuiulizia. Mali hiyo ni mgongo wa mtu abebaye gunia, akili ya karani ashikaye kitabu, na mapafu ya yule asimamaye mbele ya kinu cha kuchambulia pamba. Mizani ikiharibika, chama hujua siku hiyo hiyo. Mtu akiharibika, mara nyingi chama hujua wakati wa kuchangisha rambirambi.

Mazungumzo haya yahusu afya ya wanaume mahali pa kazi. Yamkini mtu atauliza kwa nini wanaume peke yao, ilhali katika vyama wamo wanawake wengi wafanyao kazi nzito, nao wakirudi nyumbani hukuta kazi nyingine ikiwangoja. Swali hilo ni la haki. Kuzungumza juu ya wanaume si kuwaondoa wanawake. Ni kutazama pengo moja ambalo limeachwa muda mrefu bila kuzibwa, na ambalo likizibwa hata mke na watoto hupata nafuu.

Mwanamke ashikapo mimba huenda kliniki. Hupimwa uzito, damu na shinikizo la damu, huulizwa anavyolala na anavyokula, kisha hurudi tena na mtoto mgongoni. Kliniki ya mama na mtoto ni miongoni mwa mambo mema yaliyofanyika katika nchi hii, na haifai kupunguzwa hata kidogo. Lakini mwanamume, tangu amalizapo shule hata afikapo umri wa miaka 50, hana mlango wa huduma ya afya uliofunguliwa kwa jina lake. Aghalabu hufika hospitali akimsindikiza mwingine, au akiwa amebebwa. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2019, duniani kote wanaume waliishi takribani miaka 5 pungufu ya wanawake. Sehemu ya tofauti hiyo imetokana na maumbile. Sehemu nyingine imetokana na kazi za hatari, ajali, pombe, tumbaku na kuchelewa kutafuta matibabu, na hayo yote yanaweza kurekebishwa.

KAZI ZINAZOULA MWILI

Yafaa kuanza na ghala, kwa kuwa kila chama kinalo. Mwaka 1967 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba Na. 127 na Pendekezo Na. 128 kuhusu uzito wa mzigo unaobebwa na mfanyakazi mmoja. Pendekezo hilo lilieleza kwamba pale ambapo mwanamume mtu mzima huruhusiwa kubeba zaidi ya kilo 55, hatua zichukuliwe haraka kuupunguza uzito huo ufikie kiasi hicho. Sasa gunia la kahawa huwa na kilo 60. Gunia la mahindi lililozoeleka huwa na kilo 100. Kijana wa miaka 20 hulitupa begani akicheka, na wenzake humsifu. Akifika miaka 40 haketi bila kushika kiuno. Wengine hupata ngiri, wakaificha kwa kuwa iko mahali pa aibu, wakaendelea kubeba mpaka siku utumbo unapobanwa na kuwa jambo la kupasuliwa usiku huo huo au kufa.

Baada ya ghala, kinu cha pamba. Vumbi la pamba lina ugonjwa wake, na ugonjwa huo una tabia ya kudanganya. Mtu hubanwa kifua siku ya kwanza arudipo kazini baada ya mapumziko, kisha siku zifuatazo akajiona nafuu. Hudhani ni uchovu wa Jumapili, au wenzake humtania kwamba ni pombe. Miaka ipitapo, kule kubanwa huenea katika siku zote za juma, na mapafu yaliyokwisha kuharibika kiasi hicho hayarudi kuwa mazima. Leso iliyofungwa puani haizuii vumbi hilo. Lizuiwalo ni lile linalovutwa nje kwa mashine, au linalokutana na kinga ya pumzi iliyotengenezwa kwa kazi hiyo.

Tatu ni unyunyizaji wa dawa za kuua wadudu mashambani, kazi ambayo mara nyingi huachiwa wanaume. Baadhi ya dawa hizo hupenya kwenye ngozi bila mtu kuhisi kuwashwa. Dalili zake ni kichwa kuuma, jasho na mate kuzidi, macho kuona ukungu, tumbo kusokota, kutapika na kutetemeka. Mtu wa namna hiyo huvuliwa nguo zilizolowa, huoshwa kwa maji mengi na sabuni, akapelekwa kituo cha afya pamoja na karatasi ya maelezo iliyobandikwa kwenye chupa, ili mganga ajue ni sumu ya aina gani. Nguo za kazi hiyo zisifuliwe pamoja na nguo za watoto. Wala dumu la dawa lisifanywe la maji ya kunywa, hata likisuguliwa namna gani.

MARADHI YASIYOPIGA HODI

Yako pia maradhi ambayo hayatoki ghalani, lakini humkuta mtu akiwa ghalani. La kwanza ni shinikizo la juu la damu. Mtu huwa nalo miaka mingi bila kuumwa chochote. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2023 kwamba karibu nusu ya watu wazima walio nalo hawakujua kuwa wanalo. Wapimapo mara mbili kwa siku tofauti wakakuta 140 kwa 90 au zaidi, huyo anahitaji kuonana na mganga, ajapokuwa na nguvu za kuinua lori. Shinikizo lisilotibiwa ndilo liletalo kiharusi, na kiharusi humwangusha baba wa nyumba akabaki kulishwa kwa kijiko.

La pili ni kisukari. Hapa iko habari ambayo wanaume huitafuta kwa siri mahali pasipofaa. Shinikizo la damu na kisukari huharibu mishipa, na mishipa ikiharibika nguvu za kiume hupungua. Mwenye tatizo hilo hukimbilia dawa za kuuzwa njiani, zisizojulikana zimechanganywa nini, kumbe mwili ulikuwa ukimpa taarifa ya mapema kwamba sukari au damu yake haiko sawa. Kupima sukari huchukua tone moja la damu na dakika chache.

La tatu ni kifua kikuu. Katika mwaka 2023, kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani, watu milioni 10.8 waliugua kifua kikuu, na zaidi ya nusu yao walikuwa wanaume watu wazima. Kikohozi kinachopita wiki mbili, jasho la usiku na kukonda havifai kungojwa mpaka msimu uishe, maana kwa muda huo mgonjwa hukaa na wenzake katika ghala moja lisilopitisha hewa. Dawa zake hutolewa bure, na mwenye kuzimaliza hupona.

La nne ni virusi vya UKIMWI. Katika nchi nyingi za Afrika wanaume hupima kidogo kuliko wanawake na huanza dawa wakiwa wamechelewa. Kwa sababu hiyo Serikali ya Tanzania ilizindua mwezi Juni 2018 kampeni ya Furaha Yangu, iliyowalenga wanaume hasa. Mwaka 2019 Bunge likarekebisha sheria ili mtu aweze kujipima mwenyewe kwa kifaa maalumu, kisha akathibitishe kituoni. Mwenye kutumia dawa za kufubaza virusi kila siku, hata virusi visionekane tena katika kipimo, huishi, hufanya kazi, na hamwambukizi mwenzi wake kwa kujamiiana.

La tano ni saratani ya tezi dume, ambayo ndiyo saratani iwapatayo wanaume wengi zaidi katika Tanzania. Mwanzoni huenda isiwe na dalili yoyote. Kuamka mara nyingi usiku kukojoa, mkojo kukatika au kuwa na damu ni mambo ya kumweleza mganga, ingawa si kila uvimbe wa tezi ni saratani. Wanaume wengi huogopa kipimo cha kidole kuliko waogopavyo ugonjwa wenyewe. Wajue kwamba uchunguzi waweza kuanzia kwenye damu, na kwamba mganga afanyaye kazi hiyo haoni aibu aionayo mgonjwa. Mwenye umri wa miaka 50, au 45 ikiwa baba au ndugu yake alipata saratani hiyo, na amwulize mganga kama inafaa apimwe.

UZITO WA MOYO

Mwanamume akiulizwa habari za kazi hujibu, "Nzuri." Jibu hilo ni adabu njema. Lakini adabu si taarifa. Karani ambaye fedha za ununuzi zimepungua mkononi mwake hujibu nzuri. Katibu ambaye wakulima wamemzonga kwa malipo yaliyochelewa, na ambaye hana uwezo wa kuyaharakisha, hujibu nzuri. Mlinzi asiyelala usiku wala mchana, dereva aliyekopa ada ya shule akashindwa kulipa, nao hujibu nzuri. Kisha jioni huonekana kilabuni, na watu husema fulani amekuwa mlevi, bila kuuliza alianza lini na kwa sababu gani. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba pombe iliua watu milioni 2.6 duniani katika mwaka 2019, na kati yao milioni 2 walikuwa wanaume.

Lipo jambo zito zaidi ambalo vikao vya ushirika hulipita kimya. Kila mwaka zaidi ya watu 700,000 duniani hujiua, na kiwango cha wanaume ni zaidi ya mara mbili ya kile cha wanawake. Mtu aliyefika ukingoni hapo aghalabu huonyesha dalili: hujitenga, hagusi chakula, hugawa vitu vyake, husema hana faida tena kwa jamaa zake. Kumwuliza waziwazi kama ana mawazo ya kujidhuru hakumtii mawazo hayo kichwani. Humfungulia mlango wa kusema. Asiachwe peke yake siku hiyo, vitu vya hatari kama dawa za shamba viondolewe karibu naye, na apelekwe kwa mganga kama apelekwavyo mwenye homa kali.

KWA NINI HAWAENDI

Watu husema wanaume ni wakaidi, na kwa neno hilo wakadhani wamemaliza shauri. Hebu itazamwe siku moja ya mpakiaji alipwaye kwa hesabu ya magunia. Lori hufika asubuhi. Zahanati nayo hufunguliwa asubuhi. Akienda kukaa kwenye foleni, lori litapakiwa na wengine, na jioni atarudi nyumbani mikono mitupu. Kwake yeye siku ya kupimwa ni siku isiyo na unga. Tena anajua kwamba akionekana mgonjwa, msimu ujao huenda asiitwe. Tena mhudumu wa zahanati ni jirani yake, na daftari la wagonjwa liko juu ya meza mahali ambapo kila apitaye aweza kulisoma. Mtu wa namna hiyo anayekaa na ugonjwa wake mpaka umwangushe hakufanya ukaidi. Amefanya hesabu, na hesabu yake, kwa jinsi kazi ilivyopangwa, ilikuwa sahihi.

Hapa ndipo penye kiini cha mazungumzo haya. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humwumbua, na neno hilo ni kweli. Lakini chama kinachomwambia mtu asifiche, huku kikimkata ujira kwa kujifunua, kinamfundisha kuficha. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya viongozi si kuwahubiria wanaume. Ni kuibadili hesabu yao.

MAFUNZO MAWILI

Yako mambo mawili yaliyopata kutendeka, moja hapa nchini na moja ugenini, yanayoonyesha njia.

Mwaka 1973 Tanzania iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wazima wapatao milioni 2 walikusanyika katika vikundi vijijini, wakasikiliza redio pamoja, wakasoma kijitabu pamoja, wakajadiliana, kisha wakaondoka kwenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka. Redio peke yake isingechimba choo. Kilichochimba ni kule kusikia pamoja na kuamua pamoja, kiasi kwamba aliyebaki nyuma aliona haya kwa kutotenda. Aibu, ambayo kwa kawaida humzuia mwanamume, ilifanywa imsukume.

Jambo la pili lilitokea mwaka 1977 huko Lathrop, katika jimbo la California, Marekani. Katika kiwanda kimoja cha dawa za mashamba walikuwamo wanaume waliochanganya dawa iitwayo DBCP, iliyotumika kuua minyoo ya ardhini. Katika mazungumzo yao ya kawaida waligundua kwamba wengi wao, tangu waanze kazi hiyo, hawakupata watoto. Kila mmoja alikuwa amedhani ni siri ya nyumba yake. Walipokubali kwenda kupimwa, ilionekana kwamba mbegu zao zilikuwa chache mno, na wengine hawakuwa nazo kabisa. Mwaka 1979 matumizi karibu yote ya dawa hiyo yalisimamishwa nchini humo. Yafaa ikumbukwe kwamba wa kwanza kuutambua ugonjwa huo kazini walikuwa wanaume waliothubutu kusemezana habari ambayo wanaume husema kwa shida kuliko zote. Wangenyamaza, kila mmoja angebaki akimlaumu mkewe.

SHERIA ZINAVYOSEMA

Chama cha ushirika ni mwajiri kama mwajiri mwingine. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka saa za kawaida za kazi zisizozidi 45 kwa juma, na mapumziko ya angalau saa 1 kwa atakayefanya kazi zaidi ya saa 5 mfululizo. Sheria hiyo humpa mwajiriwa likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika mzunguko wa miezi 36: siku 63 za kwanza kwa ujira kamili, na 63 zinazofuata kwa nusu ujira. Baba aliyepata mtoto hupewa siku zisizopungua 3. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 humtaka mwajiri kuwakinga watumishi na hatari za kazi, na kuwapima afya wale wafanyao kazi za hatari. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 iliunda Mfuko wa kumlipa aumiaye au augue kwa sababu ya kazi. Nayo Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 hukataza kumlazimisha mfanyakazi kupimwa virusi au kumtolea siri yake.

Haki hizo ni njema, lakini zinahitaji karatasi. Kibarua wa msimu, asiye na mkataba wa maandishi, ambaye jina lake limeandikwa kwenye kipande cha boksi kando ya idadi ya magunia, hawezi kuzidai. Siku gunia litakapomwangukia hakuna hati itakayoonyesha kwamba alikuwa kazini. Yeye ndiye mwenye mzigo mzito kuliko wote, na ndiye mwenye kinga ndogo kuliko wote.

CHAMA KIFANYE NINI

Kwanza, kabla ya kila msimu iwekwe siku ya afya. Chama kimwandikie Mganga Mkuu wa Wilaya mapema, wahudumu waje ghalani na mashine ya kupimia shinikizo la damu, vipimo vya sukari na ushauri juu ya kifua kikuu, virusi vya UKIMWI na tezi dume. Jambo kubwa ni hili: muda huo uhesabiwe kuwa wa kazi, na kila mtu alipwe ujira wake. Mashine moja ndogo ya shinikizo inaweza kubaki ofisini mwaka mzima, na mtu mmoja akafundishwa kuitumia.

Pili, siri ilindwe. Majibu ni ya aliyepimwa na mganga wake. Meneja asiyaone, katibu asiyaulize, na bodi ipewe idadi tu. Anayetaka mkewe akae naye wakati wa majibu akaribishwe, na asiyetaka aachwe.

Tatu, kila juma litengwe nusu saa ya mazungumzo ya watumishi, kwa mfano wa vikundi vya mwaka 1973. Kiongozi wake achaguliwe na wao wenyewe, asiwe msimamizi wao. Leo wazungumze juu ya mgongo, juma lijalo juu ya pombe, jingine juu ya madeni. Watakapozoeana, yale mazito yatakuja yenyewe.

Nne, kazi yenyewe irekebishwe. Gunia zito lichukuliwe na watu wawili au kwa toroli. Ngazi na mbao za kupandia lori ziwe imara. Maji safi ya kunywa yawepo karibu, na kivuli cha kupumzikia. Wanyunyiziao dawa wapewe glavu, mabuti, kinga ya pumzi na sabuni, na wasizidishiwe zamu. Aliyefika umri wa kuchoka asitupwe. Apewe kazi ya kuhesabu au kulinda.

Tano, kila kibarua aandikwe katika daftari lililo halali kwa jina, siku na ujira, na aandikishiwe haki zake kwenye Mfuko wa Fidia. Liwepo daftari la ajali na maradhi ya kazi, hata kwa jeraha dogo. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na daftari hilo ndilo linaloonyesha ufa ulipo.

Sita, mtumishi ambaye fedha zimepungua mkononi mwake asiachwe na mzigo huo peke yake huku ukaguzi ukiendelea. Haki ifuate mkondo wake, lakini awepo mzee mmoja wa kumtazama na kumtembelea. Na yeyote aliyetoka kutibiwa, iwe ni kifua, ni akili au ni ulevi, akute nafasi yake ikimngoja.

SWALI LA FEDHA

Bila shaka mhasibu atauliza gharama. Na ihesabiwe. Chama chenye vibarua 20 kikiwaachia nusu siku kila mmoja kwa ajili ya kupimwa, kimetumia ujira wa siku 10 za mtu mmoja kwa msimu mzima. Upande wa pili uwekwe lori lililokwama siku nzima kwa kukosa wapakiaji, karani mpya anayefundishwa katikati ya ununuzi, gari la kumkimbiza mgonjwa wa kiharusi usiku, rambirambi, na watoto wa mwanachama walioacha shule. Mizania ya namna hiyo haihitaji mtaalamu kuisoma.

Tena si suala la hesabu peke yake. Misingi ya ushirika iliyothibitishwa na Muungano wa Kimataifa wa Vyama vya Ushirika mwaka 1995 ni saba; wa tano ni elimu, mafunzo na habari, na wa saba ni kuijali jamii. Vyama viliundwa ili mkulima asinyonywe na mnunuzi mwenye mizani ya uongo. Itakuwa ajabu kubwa ikiwa chama kilichoikataa mizani ya uongo kwa mkulima, chenyewe kitamnyonya mgongo yule aliyelipandisha gunia la mkulima huyo kwenye mizani ya kweli.

Ndugu Wajumbe, vyama vinaombwa jambo moja dogo linaloweza kuanza mwaka huu. Katika Mkutano Mkuu ujao, baada ya taarifa ya mapato na matumizi, iwepo ajenda ya afya ya watumishi na vibarua. Meneja asome kwa idadi, pasipo kutaja majina: wangapi wamepimwa, wangapi waliumia, wangapi waliofanya kazi msimu uliopita hawakurudi, na kwa sababu gani. Kama hajui sababu, mkutano umpe mwezi mmoja wa kuitafuta.